Matangazo ya Google: hela ya fundi inavuja kwenye maneno, siyo kwenye bei

Leo tuongee hela, maana swali ninaloletewa kila mara ni lile lile: "Kaka, kliki moja ya Google ni shilingi ngapi?" Anauliza mwenye saluni, anauliza fundi, anauliza kijana aliyemaliza chuo juzi na mjomba wake kamkabidhi matangazo ya duka. Jibu langu huwa linawakera kidogo: bei ya kliki siyo swali la kwanza. Swali la kwanza ni NANI anabonyeza. Mtu anaweza kulipa kliki shilingi 300 akamaliza mtaji, mwenzake akalipa 1,500 na akala vizuri tu. Nifuatilieni taratibu, kuna hesabu hapo mbele.

Kwanza tujue tunanunua nini. Ukitafuta kitu kwenye Google, baadhi ya majibu ya juu na ya chini yana alama ndogo inayosema yamelipiwa. Hayo ndo matangazo. Mwenye tangazo kwa kawaida halipi kwa kuonekana, analipa mtu akibonyeza. Mtindo huu haukuanzia Google. Kampuni ya Marekani iliyoitwa GoTo.com iliufanya biashara mwaka 1998, na sheria yao ilikuwa rahisi: mwenye dau kubwa anakaa juu, basi. Google walifungua AdWords mwaka 2000 wakitoza kwa idadi ya mara tangazo linapoonekana. Mwaka 2002 wakaingia kwenye malipo ya kliki, ila wakaongeza kitu cha akili sana: dau peke yake halitoshi, linaangaliwa pia tangazo ambalo watu wanalibonyeza zaidi. Mwaka 2018 jina likawa Google Ads, lakini mnada ni mnada tu.

Huo mnada unaendeshwa upya kila mtu anapotafuta. Chukua mfano wa mafundi watatu wa friji hapa Dar es Salaam (namba ni zangu za kuelezea tu, na hesabu yenyewe ya Google ina mambo mengi kuliko haya). Fundi wa kwanza ameweka dau la shilingi 1,000 kwa kliki, tangazo lake ni la hovyo, lina alama 4. Wa pili ameweka 600, tangazo lake limeandikwa vizuri, lina alama 8. Wa tatu ameweka 700, alama 4. Zidisha dau kwa alama: wa kwanza 4,000, wa pili 4,800, wa tatu 2,800. Aliyeweka dau dogo kuliko wote ndo yuko juu! Na halipi 600 yote, analipa kiasi cha kumpita tu aliye chini yake: 4,000 gawa kwa 8, yaani kama shilingi 500. Yule wa dau la 1,000 yuko chini yake na analipa kama 700. Mmeona hapo? Mwenye tangazo baya anakaa chini na analipa zaidi.

Hizo alama zinatokana na mambo matatu makubwa: uwezekano wa watu kulibonyeza tangazo lako, tangazo kulingana na kilichotafutwa, na ukurasa wanakofikia. Kwa fundi hiyo maana yake ni kwamba mtu akiandika "fundi friji Kinondoni", tangazo liseme fundi friji Kinondoni, siyo "Karibuni kwa huduma bora na za uhakika". Na ukurasa ufunguke haraka kwenye simu ya bei rahisi, namba ya simu iwe juu kabisa. Picha kumi na mbili za friji zinazozunguka zinamfurahisha aliyetengeneza tovuti, mteja mwenye samaki wanaoharibika hazimsaidii.

Sasa hesabu niliyowaahidi. Anza na faida, siyo na bajeti. Tuseme fundi wetu akitengeneza friji moja, akitoa vifaa na nauli, anabaki na Sh. 40,000. Kati ya watu 100 wanaobonyeza tangazo lake, 10 wanapiga simu, na kati ya hao 4 wanakubali aje. Nne mara 40,000 ni 160,000. Gawa kwa kliki 100: kila kliki kwake ina thamani ya Sh. 1,600. Akilipa zaidi ya hapo anafanya kazi ya kumnufaisha Google. Akilipa 800, ametumia 80,000 na amebaki na 80,000. Safi.

Lakini chukulia nusu ya waliobonyeza hawakuwa na friji bovu. Walikuwa wanatafuta friji la mtumba la kununua, au chuo cha kusomea ufundi. Bei ya kliki haijasogea hata senti, ni 800 ile ile. Kliki 100, simu 5, wateja 2, faida 80,000, matumizi 80,000. Fundi kahangaika na jua la Mbagala mwezi mzima, mfukoni hakuna kitu. Kisha anasema "matangazo ya Google ni wizi". Watu wengi wakifika hapo wanashusha dau, au wanapandisha bajeti. Yote mawili hayagusi tatizo.

Tatizo linaonekana kwenye ripoti moja ndani ya akaunti, ile inayoonyesha maneno halisi ambayo watu waliandika kabla ya kubonyeza. Angalieni vizuri, siyo maneno uliyoyachagua wewe, ni waliyoandika WAO. Mimi nikipewa akaunti ya mtu, naanza huko kabla ya kitu kingine chochote. Tangu mwaka 2020 Google wanaficha maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana, kwa hiyo hutaona yote, lakini yanayoonekana yanatosha kukutoa jasho. Umechagua "fundi friji", unakuta umelipia "friji used bei rahisi", "jinsi ya kutengeneza friji mwenyewe", "ajira fundi friji", "picha za friji".

Inakuwaje hivyo? Ni kwa sababu neno ukiliandika kavukavu, bila alama yoyote, Google wanalichukulia kwa upana: wanaruhusiwa kukuonyesha kwa chochote wanachoona kinahusiana. Ukiliweka ndani ya alama za kunukuu, "fundi friji", uwanja unabana, inabidi maana hiyo iwemo kwenye kilichotafutwa. Ukiliweka kwenye mabano ya mraba, [fundi friji], unabana zaidi, ingawa hata hapo maneno yenye maana ile ile yanapita. Mwenye bajeti ndogo aanze na hayo mawili ya kubana. Upana ni wa wenye data nyingi na hela ya kujaribia.

Halafu kuna orodha ya maneno ya kuzuia, na hapa ndipo panapookoa hela nyingi kuliko mahali pengine pote. Unaiambia Google: akiandika neno hili, nisionekane. Kwa fundi wetu ningezuia used, mtumba, ajira, chuo, VETA, picha, "jinsi ya". Tahadhari mbili. Ya kwanza, maneno ya kuzuia hayajiongezi yenyewe. Ukizuia "ajira" hujazuia "nafasi za kazi", na ukizuia umoja hujazuia wingi, kwa hiyo yaandike yote, pamoja na ya Kiingereza, maana watu wetu wanachanganya: "fundi fridge", "fridge repair Dar", "fundi wa jokofu", yote ni mtu yule yule. Ya pili, usizuie kwa hasira. Nimeona watu wanazuia neno "bei" kwa sababu wanachoshwa na wauliza bei. Sasa aliyeandika "bei ya kutengeneza friji" si ndo mteja mwenyewe, friji limekufa na anajipanga kulipa! Zuia "bei ya friji jipya", mwache huyo aje.

Kuhusu mahali. Kampeni mpya kwa kawaida inakuja imewekwa kuonyesha tangazo kwa watu walioko eneo lako PAMOJA na wanaoonyesha kupendezwa na eneo hilo. Mtu yuko Mwanza anasoma habari za Dar, naye anahesabika. Badilisha ibaki walioko eneo hilo tu. Najua mtaniambia kuna mtu yuko Muscat anamtafutia mama yake fundi huku Ilala, na huyo ni mteja halali kabisa, nimewaona wa namna hiyo. Ila kwa bajeti ya fundi mmoja, huwezi kumlipia kila mtu ili umpate huyo mmoja. Na ukiwa hapo hapo kwenye mipangilio, toa tiki zinazopeleka tangazo lako la kutafutia kwenye tovuti nyingine za washirika na kurasa za watu. Mtu anayesoma matokeo ya mpira hakuwa anatafuta fundi.

Bajeti ya siku nayo inawachanganya wengi. Ukiandika 5,000 kwa siku, siyo kwamba hawatazidisha 5,000. Tangu 2017 wanaweza kutumia hadi mara mbili ya hiyo kwa siku moja, yaani 10,000, kisha wanafidia siku nyingine. Kinachofungwa ni mwezi: bajeti ya siku mara 30.4, hapa ni 152,000. Kwa hiyo usiende kulala na 5,000 kwenye kadi ukidhani umewapatia. Anza na kiasi cha mwezi unachoweza kukipoteza bila mtoto kukosa ada, gawa kwa 30.4, hiyo ndo bajeti yako ya siku.

Na saa! Kama simu haipokelewi usiku, tangazo lisionekane usiku, kuna sehemu ya kupanga ratiba. Ila kumbukeni saa za mfumo siyo saa zetu. Ukitaka lianze saa mbili asubuhi unaandika 8. Ukiandika 2 kwa kusoma kwa Kiswahili, tangazo linaanza saa nane usiku, na wewe umelala.

Kitu kingine, hesabu simu. Google wanaweza kuhesabu simu zinazopigwa kutoka kwenye tangazo, na aliyetengeneza tovuti anaweza kuweka hesabu ya wanaobonyeza kitufe cha WhatsApp. Kama hilo linakushinda, chukua daftari, kila anayepiga muulize amekupata wapi. Bila hiyo hesabu ile ya 1,600 huwezi kuifanya, utabaki unabahatisha. Na usikubali zile kampeni ambazo mfumo unajiamulia kila kitu, kabla hujawa na hesabu ya simu ya kuulisha. Hivyo hivyo kwa mapendekezo yanayojitekeleza yenyewe: yazime. Mengine ni mazuri, lakini siyo yote.

Kabla ya kulipa hata shilingi, mweke fundi kwenye ramani ya Google. Ni BURE. Jina, namba, saa za kazi, picha za kazi alizofanya, kisha aombe wateja aliowaridhisha waandike maoni. Kuna mafundi ambao hiyo pekee inawatosha, na nawaambia hivyo waziwazi hata kama nakosa dili.

Mwisho ni kwa ninyi mnaotaka kuifanya hii kuwa kazi, na kwa wanaotaka kuwaajiri. Akaunti ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara, msimamizi apewe ruhusa ya kuingia tu. Wapo wanaofungua akaunti kwa jina lao, wanatoza kiasi kimoja kwa mwezi wakiahidi "namba moja Google", na mteja hajui kati ya hela hiyo ngapi imeenda Google na ngapi imebaki kwao. Siku akitaka kuondoka, anaondoka mikono mitupu, kumbukumbu zote zimebaki kule. Mtu akikataa kukuonyesha ile ripoti ya maneno, mnyang'anye kazi siku hiyo hiyo.

Na mlioko kafe, jamani, akaunti ya matangazo imefungamana na kadi ya benki ya mtu. Msiifungue kwenye kompyuta ya kafe inayoshikwa na watu hamsini kwa siku, hata kama ukitoka unafuta kila kitu. Kuna programu ya Google Ads ya kwenye simu, tumia hiyo, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kafe tumieni kusoma na kuandaa orodha za maneno, hiyo haina hatari yoyote.

Mwenye ripoti yake na haelewi azuie nini, aweke maneno kumi hapo chini kwenye maoni, aseme biashara yake ni nini na iko mji gani. Namba za simu msiweke. Nitapitia jioni.