Kompaila ya C kwa kompyuta ya nyumbani

Kompaila ya C ni programu ya kompyuta inayogeuza maandishi ya lugha ya C kuwa maagizo ambayo prosesa inaweza kuyatekeleza. Lugha hiyo ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo mwanafunzi anaweza kupata kompaila nzuri bila kulipia leseni.

Historia

Mwaka 1987 kampuni ya Borland ilitoa Turbo C, iliyouzwa kwa takriban dola 100 za Marekani. Mwaka huohuo Richard Stallman alitoa toleo la kwanza la GCC, kompaila ya mradi wa GNU ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuigawa. Nchini Tanzania kompyuta zilikuwa chache wakati huo, kwa kuwa mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini.

Gharama

Kitu cha bure nacho kina gharama yake. Mwanafunzi wa Tukuyu, wilayani Rungwe, hulipia bando la intaneti. Visual Studio Community ya Microsoft haina malipo kwa mtu binafsi, lakini kuipakua hutumia gigabaiti kadhaa. Kinyume chake, TCC iliyoanzishwa na Fabrice Bellard ni ndogo sana: kifurushi cha toleo la 0.9.27 kwa Windows hakifiki megabaiti 1. Kwa kuwa leseni za GCC na TCC zinaruhusu kunakili, mwanafunzi mmoja anaweza kupakua na wenzake wakachukua kwa flashi. Baada ya kusakinishwa, kompaila hizi hazihitaji intaneti.

Uchaguzi

* Kwenye Linux, GCC hupatikana katika hazina ya programu ya mfumo wenyewe. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, huitumia pia.
* Kwenye Windows, GCC hupatikana pamoja na kihariri cha Code::Blocks. Achaguliwe kifurushi chenye neno "mingw" katika jina lake, kwani kingine huja bila kompaila.
* Kwenye kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ndogo, TCC inafaa. Hutafsiri haraka, ila programu inayotokana nayo kwa kawaida huenda polepole kuliko ile ya GCC.

Tahadhari kuhusu Turbo C

Turbo C ilitengenezwa kwa ajili ya mfumo wa DOS, na haiendeshwi moja kwa moja kwenye Windows ya biti 64. Aidha, namba yake ya aina ya int ina biti 16, hivyo haizidi 32,767. Mkulima akiuza kilo 200 za majani ya chai kwa bei ya mfano ya shilingi 400, malipo ni shilingi 80,000. Programu inayozidisha int hizo mbili kwa Turbo C huonyesha 14,464, wala haitoi onyo wakati wa kuendeshwa. Programu hiyohiyo ikitafsiriwa kwa GCC kwenye kompyuta ya kawaida ya leo huonyesha 80,000, kwa sababu int huwa na biti 32.

Anayejifunza kwa GCC anashauriwa kuongeza chaguo la -Wall kila anapotafsiri, ili kompaila imwonyeshe makosa mengi ambayo vinginevyo ingeyanyamazia.