Kugeuza Picha ya Kamera Kuwa Picha ya Rangi kwa Namba

Mtu wa Nadapal, au wa popote pengine katika Turkana toka Lodwar hata Kakuma, akiwa na picha moja tu ya marehemu mzazi wake, ajue ya kuwa jua na vumbi ni adui zake. Iko njia ya kupata kutoka picha hiyo nyingine iliyo kubwa, wala haihitaji fundi wa kuchora. Katika miaka ya 1950 kampuni moja ya Detroit, Marekani, iliuza picha zilizogawanywa vipande vyenye namba, kila namba na rangi yake. Nyumbani hufanywa hivi.

Kwanza, usiiguse picha yenyewe kwa penseli. Itolewe nakala dukani, na juu ya nakala hiyo upige miraba ya sentimita 1 kila upande.

Pili, kaza kitambaa cha amerikani juu ya fremu ya mbao, ukipake rangi nyeupe ya maji mara 2. Kikikauka, piga miraba kwa idadi ile ile, lakini ya sentimita 4. Basi picha ya sentimita 10 kwa 15 itakuwa 40 kwa 60. Nakili mraba mmoja mmoja.

Tatu, na hii ndiyo kazi kubwa, yafumbe macho kidogo uitazame nakala. Mambo madogo yatatoweka, yabaki mabaka ya mwanga na ya kivuli. Yazungushie mistari kitambaani: lenye mwanga kupita yote liwe namba 1, lenye giza kupita yote namba 6. Usifanye haraka, kwa maana sura ya mtu hujulikana kwa mahali kivuli cha shavu kinapoishia. Ukikosea hapo, rangi nzuri haitakuokoa.

Nne, changanya kila rangi ya kutosha kazi nzima, uitie katika kopo lenye kifuniko na namba. Usichanganye nyeusi na nyeupe peke yake, ngozi isije ikafanana na majivu. Anza na hudhurungi. Penye kivuli ongeza buluu, penye mwanga ongeza manjano na nyeupe kidogo.

Tano, jaza namba moja kila ilipo, ikauke, ndipo ufuate nyingine. Fanyia kazi ndani ya nyumba, maana mchanga uletwao na upepo ukishika rangi mbichi hautoki.

Kujaza huku hata mtoto aweza. Wajukuu wasiopata kumwona bibi yao na wapewe brashi. Wakimaliza, uso wake watakuwa wameujua. Nayo picha ya kwanza irudi sandukuni, salama.