Streptokoka Katika Damu ya Mgonjwa: Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ya makala hii ilieleza jinsi streptokoka, bakteria wa mviringo wanaoonekana chini ya hadubini wakiwa wamejipanga kama shanga uzini, wanavyoishi kooni, kwenye ngozi na ndani ya utumbo wa watu wengi bila kuwadhuru. Wakipenya na kuingia katika mkondo wa damu, hali hiyo huitwa bakteremia; na kinga ya mwili inapopambana nao kwa ukali kupita kiasi hadi kuviharibu viungo vya mwili wenyewe, shinikizo la damu likashuka na figo zikashindwa kazi, mgonjwa huwa amepatwa na sepsisi.

Bakteria hawa si wa aina moja. Mwaka 1933 mtafiti Rebecca Lancefield wa Marekani aliwagawa katika makundi yanayotajwa kwa herufi, na mgawanyo huo ungali ukitumika. Kundi A ndilo lililowaua wazazi wengi katika hospitali za Ulaya kwa homa ya uzazi, kwa kuwa mji wa mimba, mara kondo la nyuma linapotoka, hubaki na jeraha kubwa ambalo bakteria hulipitia kuingia katika damu. Mjini Vienna mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo katika wodi yake, vilivyozidi asilimia 11 mwaka 1846, vilishuka hadi kiasi cha asilimia 1 mwaka 1848. Inasikitisha kwamba wakubwa wengi wa taaluma hiyo walimpinga, na ilikuwa mwaka 1879 ndipo Louis Pasteur alipowaonyesha madaktari wa Paris kwamba minyororo ya vijidudu aliyoiona katika damu ya wagonjwa hao ndiyo chanzo cha homa yenyewe.

Kundi B huwashambulia zaidi watoto wachanga, ambao wengi wao huambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa. Nimokoka, ambaye naye ni wa jamii hiyohiyo, huanzia mapafuni kwa nimonia kisha akasambaa, pengine hadi kwenye utando wa ubongo. Wapo pia streptokoka wa kinywani, wanaopenya kupitia fizi zilizooza na kujishikiza kwenye vali za moyo zilizokwisha kuharibiwa na homa ya baridi yabisi. Na kwa kuwa homa hiyo yenyewe hufuata maambukizi ya koo ya kundi A, mgonjwa mmoja aweza kuumizwa mara mbili na jamii moja ya bakteria.

Ugumu mkubwa katika Afrika Mashariki ni kuutambua ugonjwa wenyewe. Homa, kutetemeka na kupumua kwa kasi ni dalili za malaria vilevile, na kuonekana kwa vimelea vya malaria katika damu ya mtoto hakuthibitishi kwamba hana bakteria. Watafiti wa hospitali ya Kilifi, katika pwani ya Kenya, walianza mwaka 1998 kuotesha damu ya watoto waliolazwa, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005 yalionyesha kwamba asilimia 26 ya watoto waliofariki hospitalini humo walikuwa na bakteria katika damu. Kundi B lilikuwa miongoni mwa waliotia fora kwa watoto wenye umri usiofikia siku 60, na nimokoka kwa waliozidi umri huo.

Kuotesha damu ni kuichukua kutoka katika mshipa, baada ya kuisafisha ngozi barabara ili vijidudu vyake visichanganyike nayo, kisha kuitia katika chupa yenye chakula cha bakteria na kuihifadhi katika joto la nyuzi 35 hadi 37. Streptokoka mara nyingi huota katika muda wa saa 24. Damu hiyo haina budi kuchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, kwa sababu dawa ikitangulia huwaua bakteria waliomo katika damu, chupa ikabaki tupu, na daktari akaendelea kutibu kwa kubahatisha. Hata hivyo, mgonjwa aliyezidiwa hapaswi kucheleweshewa dawa kwa kusubiri vifaa.

Dawa yenyewe si ya kutafutwa mbali. Kundi A halijapata usugu dhidi ya penisilini ingawa imetumika kwa zaidi ya miaka 80, ilhali nimokoka katika nchi nyingi ameanza kuihimili. Katika maambukizi mazito ya kundi A huongezwa klindamaisini, inayowazuia bakteria kutengeneza sumu. Kwa upande wa kinga, Kenya iliingiza chanjo ya nimokoka katika ratiba ya watoto mwaka 2011, na huko Kilifi maradhi makali ya aina za nimokoka zilizomo katika chanjo yalipungua kwa takriban asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Chanjo za makundi A na B ndizo zitakazojadiliwa katika sehemu ya tatu.