Wenyeji wa Heligoland na Lugha Yao

Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 tumezoea kuusoma kama biashara ya kubadilishana: Mwingereza kachukua Zanzibar, Mjerumani kapewa Heligoland. (Kusema kweli Zanzibar haikuwahi kuwa ya Mjerumani, alichoachia ni usultani wa Witu na madai yake mengine ya Afrika Mashariki.) Wenyeji wa kisiwa hicho cha Bahari ya Kaskazini, kisichofika hata kilomita mbili za mraba, hawakuulizwa. Waliruhusiwa kuchagua uraia wa Uingereza kabla ya 1892, na wakasamehewa kutumikia jeshi la Ujerumani. Lugha yao haikutajwa.

Lugha hiyo, Kihalunder, ni lahaja ya Kifrisia cha Kaskazini, ambacho kina undugu wa karibu na Kiingereza. Wafrisia walihamia visiwani mnamo karne ya 8, na pwani ya bara wakaifikia karne kadhaa baadaye. Ndiyo maana lahaja zimeachana mno, na hakuna hata moja iliyosanifishwa kwa wote. Mtu wa Heligoland akikutana na Mfrisia wa bara, aghalabu huishia kuongea Kijerumani.

Mdenmaki alitawala kisiwa, akaja Mwingereza mwaka 1807, kisha Mjerumani, na Kihalunder kikaendelea kusemwa majumbani. Kilichokivunja ni kutawanywa. Tarehe 18 Aprili 1945 ndege za Uingereza zilikipiga kisiwa mabomu. Wakazi waliookoka mahandakini wakahamishiwa bara. Miaka miwili baadaye, siku hiyohiyo, jeshi la Uingereza likalipua ngome zake kwa takriban tani 6,700 za baruti na mabomu. Wenyeji hawakuruhusiwa kurudi hadi Machi 1952. Kwa miaka saba jirani alikuwa mji huu na jirani yake mji mwingine, na watoto walisoma, wakacheza na kugombana kwa Kijerumani.

Leo kisiwa kina wakazi wapatao 1,300, na wanaokisema Kihalunder ni mamia tu, wengi wao watu wazima. Sheria ya jimbo ya mwaka 2004 inaruhusu Kifrisia kutumika maofisini, vibao vya lugha mbili vipo, na shule inafundisha lahaja hiyo. Ni hatua nzuri, ila mtoto akitoka darasani anakuta duka, hoteli na watalii, kote Kijerumani. Bajeti ingekuwa mikononi mwangu, fedha za vibao ningezijengea nyumba za kupanga kwa bei nafuu, ili vijana waliozaliwa kisiwani wasilazimike kwenda kulea watoto wao bara.