Kuhesabu ndege Januari: usione haya kuandika sifuri

Nikikwambia kwamba Januari niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikalipa nauli kutoka mfukoni mwangu, nikaenda kuhesabu ndege bila kulipwa hata shilingi, utacheka. Cheka tu. Wasee wa kwetu Tuwan walicheka kabla yako. Mmoja aliniuliza kama hao ndege watanilipia kodi ya nyumba.

Hawatanilipia. Lakini soma kwanza, alafu uamue kama ni ujinga.

Hii kitu haikuanza jana. Zamani huko Marekani watu walikuwa na mazoea siku ya Krismasi: wanajigawa vikundi, wanashika bunduki, wanashindana nani ataua ndege na wanyama wengi. Mwaka wa 1900, Frank Chapman akawaambia, badala ya kuwaua, si muwahesabu? Mwaka huo walijitokeza watu 27. Leo ni makumi ya maelfu. Mwaka wa 1967 ikaanza sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, na hapa Kenya tumekuwa ndani tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Kila Januari watu wa Makumbusho ya Kitaifa, Nature Kenya na KWS hushirikiana na watu wa kujitolea, wanahesabu kwenye maziwa kama Nakuru, Naivasha, Elementaita na Bogoria.

Mbona Januari? Kwa sababu Ulaya na Asia ya kaskazini ni baridi kali, maji yameganda, na ndege wa huko wamehamia kwetu. Wale mbayuwayu wembamba unaowaona wamejipanga kwenye waya za stima mwezi huo, wengi wamevuka jangwa la Sahara kufika hapo. Wewe unatafuta viza, wao washafika.

Sasa, Trans Nzoia hatuna ziwa kubwa. Tuna vinamasi. Ukipanda matatu ya Kapenguria kutoka Kitale, unashuka kwenye njia ya kuingia Kipsaina, alafu boda inakusogeza hadi karibu na Saiwa, mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya. Ni kama kilomita tatu za mraba tu. Ilitengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kwenye matope, na ndani yake hakuna kuzunguka na gari, ni mguu tu. Sisi tulikuwa watu sita, na tulihesabu nje ya mbuga, kwenye mashamba na vinamasi vya wananchi.

Ukienda, beba kofia, maji, daftari na penseli. Penseli, si biro, kwa sababu karatasi ikilowa wino unatoka. Darubini moja inatosha watu watatu mkipeana zamu. Kabla ya kuanza, andika mahali, tarehe na saa. Mnagawana pande, kila mtu na upande wake, ndio ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, shika kwa macho hao kumi wanajaza nafasi gani, alafu pima kundi lililobaki kwa kipimo hicho. Ndege akiruka kutoka upande ulioshahesabu, muache apite.

Saa mbili asubuhi tukawapata tuliowafuata: korongo taji. Unamjua, yule wa kwenye bendera ya Uganda, mrefu kama mtoto wa chekechea, ana shungi la dhahabu kichwani. Walikuwa kwenye shamba la mahindi yaliyovunwa, wanaokota punje. Nikahesabu kumi na mmoja. Nikaandika 15.

Usiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka iwe siku nzuri. Nilitaka nikirudi mtaani niwe na namba ya kuonyesha.

Mzee aliyekuwa anatuongoza, mkulima wa hapo hapo, akachungulia daftari langu. Hakupaza sauti. Akaniuliza tu, "Kijana wangu, hao wanne wako wapi?"

Nikanyamaza.

"Ukiwaongeza hapa," akasema, "mtu ataketi ofisini aone wako salama. Alafu hakuna atakayekuja."

Nikafuta. Na hapo ndio nilielewa uzito wa hiyo penseli. Miaka ya 1980 Kenya ilikadiriwa kuwa na korongo taji zaidi ya 30,000. Mwaka wa 2019 ilifanywa sensa yao ya nchi nzima, na makadirio hayakuvuka 10,000. Tangu 2012 wako kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wanataga mayai mawili au matatu, kwenye nyasi za kinamasi. Kinamasi kikikaushwa kipandwe kabeji au mikaratusi, hakuna kiota. Wengine wanagonga waya za stima, wengine wanakufa kwa sumu, na makinda yao huibwa yakauzwe. Na hatungejua yoyote ya hayo kama watu wangekuwa wanaandika namba za kujifurahisha.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa mahali mzee alisema zamani korongo walikuwa wanalala kila jioni. Tulikuta mitaro, kabeji, na jamaa anafyatua matofali. Tukakaa saa nzima. Hakuna kitu. Nikafunga daftari.

"Andika," mzee akasema.

"Niandike nini, mzee? Hakuna ndege."

"Andika sifuri. Ukiacha wazi, wanajua hukufika. Ukiandika sifuri, wanajua ulifika, ukatafuta, hawakuwepo."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo nimejaza fomu nyingi za kazi, na kuna ile sehemu ya vyeti ambayo huwa naiacha wazi. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza cheti. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, mahali, saa na nilichoona. Namba yangu ikaingia sawa na ya mwenye digrii, mradi iwe ya kweli. Sisemi hiyo ni ajira. Nasema ni mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu alihitaji macho yangu.

Na si lazima usubiri Januari wala uende Kipsaina. Kuna mradi unaitwa Kenya Bird Map, ulianza 2013. Umegawa nchi yote kwa miraba ya kama kilomita tisa kila upande. Unaweka programu ya BirdLasser kwenye simu, unatembea angalau saa mbili ndani ya mraba wako, unaandika kila aina uliyoona au kusikia. Usiyemjua kwa hakika, usimwandike. Basi. Bando inayohitajika ni kidogo kuliko ya video moja.

Jumamosi iliyopita nilianza na mtaa wetu. Wale wasee waliocheka walikuwa hapo kwa kinyozi, mmoja akaja tukasimama naye. Mwewe wawili juu ya soko. Kunguru, nikachoka kuhesabu. Kongoti mmoja mwenye upara juu ya takataka. Kwarara watatu wakipiga zile kelele zao. Mbayuwayu saba kwenye waya, yeye alisema nane, tukahesabu tena, ni saba.

Korongo taji: sifuri. Tumeandika.