Kikombe cha Moto kwa Mtu Usiyemjua

Katikati ya jiji la Chicago, ndani ya bustani ya Maggie Daley, kuna njia ya barafu iliyojipinda kama utepe. Majira ya baridi yakiingia, watu hufunga viatu vyenye makali chini na kuteleza mzunguko baada ya mzunguko, pumzi zikiwatoka kama mvuke wa birika. Hapo ndipo Amit Kumar wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na Nicholas Epley wa Chuo Kikuu cha Chicago walipofanyia jaribio la swali linaloonekana la kitoto: je, anayetenda wema mdogo anaujua uzito wa alichokitenda?

Watu 84 waliwekewa kikombe cha chokoleti ya moto kutoka kibanda cha hapo bustanini. Hiari ilikuwa yao, kukinywa au kumwachia mtu wasiyemjua. Watu 75 walikubali kukitoa. Watafiti wakampelekea mtu huyo na kumweleza kwamba kuna aliyeamua kumpa kinywaji chake, kisha kila upande ukaulizwa kivyake. Kwenye mizani ya kuanzia hasi 5 hadi 5, watoaji walikadiria kwamba mpokeaji angekuwa na furaha ya wastani wa 2.7. Wapokeaji wenyewe walitaja 3.5.

Kwa macho, pengo hilo ni dogo. Lakini lilijitokeza tena katika majaribio mengine ya wanasaikolojia hao, yaliyochapishwa mwaka 2022, na lilielemea upande uleule: mtoaji anajipunja. Jaribio jingine, la keki ndogo, linaeleza kwa nini. Keki ileile, ukubwa uleule, iliwafurahisha zaidi waliopewa na mtu wasiyemjua kuliko waliolipwa na watafiti kama ujira wa kushiriki. Watoaji hawakuiona tofauti hiyo mapema. Wao walikuwa wanahesabu keki. Mpokeaji alihesabu keki na mkono ulioitoa.

Mtu akishadhani kwamba alichonacho ni kidogo mno cha kumfaa mwenzake, hakitoi. Na kosa hilo la hesabu lina gharama zaidi katika miezi ambayo mwili wenyewe humshawishi mtu ajifungie ndani.

Mji wa Dar es Salaam hauijui hali hiyo. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote pale haifiki saa moja. Chicago, siku ya tarehe 21 Desemba ina takriban saa 9 tu za mwanga, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwezi Juni siku hupita saa 15. Anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni anaweza kumaliza juma zima akiliona jua kupitia dirisha tu.

Aliyeipa hali hiyo ya kulemewa na giza la majira jina la kitabibu alitoka barani Afrika. Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Johannesburg, alihamia New York mwaka 1976, na baridi ilipokuja akajikuta mzito, nguvu zimepungua, kazi haziendi. Masika ya huko yalipofika akawa mtu mwingine. Mwaka 1984, akiwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, yeye na wenzake walichapisha maelezo ya sonona ya majira: huzuni inayorudi karibu wakati uleule kila mwaka, usingizi uliopitiliza, hamu ya wanga na vitu vitamu, uzito kuongezeka, na hali ya kujitenga na watu.

Chanzo kinaanzia machoni. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake si kuona picha bali kuujulisha ubongo kwamba kumekucha. Mwanga hafifu wa alfajiri ya baridi huchelewesha taarifa hiyo, saa ya mwili hupoteza majira, na homoni ya usiku iitwayo melatonini huweza kuendelea kutoka wakati mtu anatakiwa awe macho. Ndiyo maana moja ya tiba zinazotumika sana ni taa maalumu yenye nguvu ya luksi 10,000, inayowekwa karibu na uso kwa takriban nusu saa asubuhi. Wanaohitaji dawa au tiba ya mazungumzo nao wapo, na hao ni wa kuonwa na daktari. Kikombe cha chokoleti hakiponyi sonona.

Kinachofanya ni kitu kingine: kinaunganisha watu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 308,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi katika kipindi cha utafiti, kwa asilimia 50, kuliko wenye mahusiano dhaifu. Kwa hiyo dalili ile ya mwisho katika orodha ya Rosenthal, ya kujitenga, si ya kupuuzwa kama tabia ya baridi tu. Mgonjwa huacha kutoka, wenzake hudhani anataka kuachwa, na kila upande hungoja mwenzake aanze.

Familia za Kikongo zilizopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, au Gihembe kule Rwanda, kabla ya kupelekwa Marekani, zinakutana na haya yote kwa mkupuo. Mtu aliyezoea jirani kupita mlangoni bila miadi anafika katika mtaa ambao milango hufungwa kuanzia Novemba. Na ghafla kuna kazi ambayo nyumbani haikuwapo: kuondoa theluji.

Kazi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapa wema mdogo unaugusa moyo, na moyo unaosemwa ni ule wa nyama. Katika jimbo la Quebec, Kanada, watafiti walipitia kumbukumbu za hospitali za miaka 1981 hadi 2014. Siku moja baada ya theluji ya sentimita 20 kuanguka, wanaume waliolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 16 wakilinganishwa na siku zisizo na theluji, na vifo kwa asilimia 34. Kwa wanawake ongezeko kama hilo halikuonekana. Watafiti wanalishuku beleshi, kwa kuwa wanaume ndio hasa wanaolishika.

Ukiifikiria kazi yenyewe, shaka hiyo haishangazi. Hewa ya baridi hubana mishipa ya damu, shinikizo hupanda. Mikono, ambayo huchosha moyo upesi kuliko miguu, inainua theluji iliyolowa maji, nzito kama kifusi. Mtu hubana pumzi anapoinua. Na mara nyingi ni asubuhi, ametoka kitandani moja kwa moja, gari limefukiwa na kazini anangojewa. Kijana mwenye afya ataishia kuumwa mgongo. Mzee wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu anaweza asimalize nusu ya njia.

Jirani anayempitishia mzee huyo beleshi mlangoni kwake hutumia pengine robo saa, na kwa hesabu zake mwenyewe hajafanya la maana. Jiji la Chicago limeuona umuhimu wa msaada huo: sheria yake inawataka wenye nyumba wasafishe njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba zao, na jiji lina mpango wa watu wa kujitolea, Snow Corps, wa kuwasaidia wazee na wenye ulemavu. Si kwamba theluji inawageuza wote kuwa malaika. Ni Chicago hiyohiyo ambako mtu akishaichimbua nafasi ya kuegesha gari huweka viti vibovu katikati yake ili asiingie mwingine, na ugomvi wa viti hivyo nao ni sehemu ya majira.

Swali linabaki: kama hesabu ya mtoaji ina kasoro, nani atamsahihisha kila asubuhi? Hapa ndipo mila inapoingia. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua kazi hii hata kama hawajaiita sayansi. Sahani ya futari inavuka ua kwenda kwa jirani, na sahani hairudi tupu. Hakuna anayekaa kupima kama mwenzake atafurahi au ataona kitu chenyewe ni kidogo. Ni Ramadhani, sahani inakwenda. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya jua, katika miaka hii unaingia ndani ya baridi ya kaskazini, na mwaka 2030 unatarajiwa kuanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Waswahili wa Ulaya na Marekani watabeba sahani hizo juu ya barafu.

Kwamba mila za nyumbani zina uzito kiafya, ushahidi wake mmojawapo unatoka mahali pasipo na taa za sikukuu. Mwaka 1979 Steven Wolin, Linda Bennett na mwenzao nchini Marekani walizichunguza familia 25 ambazo mzazi mmojawapo alikuwa mlevi. Waliuliza kuhusu chakula cha jioni, Krismasi, likizo, wageni. Pale ulevi ulipoyavuruga mambo hayo, tatizo lilielekea zaidi kurithiwa na watoto. Pale familia ilipoyalinda, chakula kikaliwa saa ileile na sikukuu ikafanyika mzazi huyo awe mzima au amelewa, watoto walielekea zaidi kuepuka. Familia 25 ni chache, na mtu asitoke hapo akidhani mti wa Krismasi ni kinga ya ulevi. Lakini mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake walipoipitia miaka 50 ya tafiti za mazoea na mila za familia, waliona zikihusishwa na mambo kama afya ya watoto na maelewano ya wanandoa.

Watoto hawahitaji hata kufundishwa raha ya kutoa. Huko Vancouver, Lara Aknin, Kiley Hamlin na Elizabeth Dunn waliwapa watoto wasiotimiza miaka miwili biskuti ndogo, kisha wakawaletea kikaragosi. Watoto walionyesha furaha zaidi walipompa kikaragosi biskuti kuliko walipopewa wao, na zaidi bado walipotoa kutoka bakuli lao wenyewe. Aknin na Dunn na wenzao walikwenda mbali zaidi, wakilinganisha Kanada na Uganda, na kote kuwili waliokumbuka pesa walizotumia kwa ajili ya wengine waliripoti furaha zaidi kuliko waliokumbuka walizotumia kwa ajili yao wenyewe.

Sikukuu, hata hivyo, ina upande wake wa hatari. Nchini Sweden Krismasi husherehekewa tarehe 24 Desemba. Saa tisa alasiri, tangu miaka ya 1960, familia hukusanyika mbele ya televisheni kutazama kipindi kilekile cha katuni za bata Donald, kisha meza hujaa samaki, nyama ya nguruwe na pombe kali. Watafiti waliolichambua daftari la taifa la wagonjwa wa moyo la miaka 1998 hadi 2013, lenye visa 283,014, walikuta mishtuko ya moyo ikiongezeka kwa asilimia 15 katika sikukuu za Krismasi, na kwa asilimia 37 siku hiyo ya mkesha. Kilele kilikuwa saa nne usiku. Walioathirika zaidi ni waliovuka miaka 75, na wenye kisukari au historia ya ugonjwa wa moyo.

Saa nne usiku ni wakati ambao wenyeji wamechoka, watoto wamelala juu ya karatasi za zawadi, na mzee amekaa kimya pembeni akisugua kifua, jasho linamtoka ilhali nje kuna barafu. Akiulizwa husema ni gesi tu, asubuhi itakuwa imekwisha. Hataki kuwaharibia watu sikukuu. Namba ya dharura ni 112 huko Sweden, 911 Marekani na Kanada, na hupigwa bila kumwomba ruhusa mara ya pili.