Utunzaji wa Kompyuta ya Chama: Betri na Nakala za Kumbukumbu

Katika vyama vingi vya msingi siku hizi, daftari la wanachama, hesabu za mizani na orodha za malipo ya mazao huwekwa ndani ya kompyuta. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nyingi za kujumlisha kwa kalamu sasa humalizika kwa saa chache. Lakini kompyuta, kama mizani, huhitaji kutunzwa. Ikiharibika bila ya kuwapo nakala ya kumbukumbu zake, mkulima aliyekwisha kupima mazao yake hubaki hana ushahidi ila stakabadhi aliyonayo mkononi. Kwa hiyo yafaa makatibu na wanachama waelewe mambo mawili: kwa nini betri huisha upesi, na namna ya kuzihifadhi kumbukumbu hata kama chombo chenyewe kitakufa.

Betri inayokwisha upesi

Kompyuta mpakato hutumia betri za lithiamu, za aina iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Betri ya namna hii huzeeka hata ikitunzwa vizuri. Nyingi, baada ya kujazwa na kutumiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, hubakiwa na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa awali.

Kabla ya kuomba fedha za betri mpya, yampasa katibu apambanue kwanza kama betri imechoka, au kompyuta inatumia umeme kupita kiasi. Katika kompyuta zenye mfumo wa Windows, agizo powercfg /batteryreport, likiandikwa katika dirisha la maagizo, hutoa taarifa yenye tarakimu mbili za kulinganisha: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo ilio nao sasa inapojaa. Kwa mfano, betri iliyoundwa kubeba miliwati-saa 40,000 ikionyesha 22,000, imebakiwa na asilimia 55 tu. Betri hiyo imezeeka, na hakuna fundi atakayeirudishia ujana wake.

Tarakimu hizo mbili zikikaribiana, sababu na itafutwe kwingine. Huenda mwanga wa kioo ni mkali mno, au programu nyingi zimeachwa wazi bila ya kutumiwa, au modemu inahangaika kutafuta mtandao hafifu. Huenda pia feni imezibwa na vumbi, jambo ambalo ni la kawaida katika ofisi iliyo karibu na ghala. Kompyuta isiyopata hewa hupata joto, na joto ndilo adui mkubwa wa betri. Kwa sababu hiyo haifai kuiacha ndani ya gari lililosimama juani, wala kuiweka juu ya godoro au mto wakati wa kazi.

Msimu wa ununuzi ukiisha, na kompyuta ikitarajiwa kukaa miezi kadhaa bila ya kazi, izimwe kabisa ikiwa na chaji ya nusu, iwekwe mahali pakavu penye ubaridi. Betri iliyovimba isichajiwe tena, isibonyezwe wala isitobolewe, kwa kuwa yaweza kushika moto. Ipelekwe kwa fundi mara moja.

Saa inayopotea

Kompyuta ya mezani nayo ina betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, yenye volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa ya ndani wakati umeme haupo. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe kila inapotenganishwa na umeme, na mara nyingi hurudi miaka mingi nyuma. Dalili hii hudharauliwa, kumbe madhara yake ni makubwa. Stakabadhi huchapwa zikiwa na tarehe ya uongo, mafaili ya leo huonekana ya kale kuliko ya jana, na mkaguzi wa hesabu hushindwa kufuata mtiririko wa malipo. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na fundi huibadili kwa dakika chache. Hadi hapo itakapobadilishwa, tarehe na ithibitishwe kila asubuhi kabla ya kuingiza hesabu yoyote.

Aidha, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo umeme unapokatika. Kifaa cha UPS humpa katibu dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa utaratibu. Hakikukusudiwa kumfanyisha kazi kutwa nzima.

Nakala tatu

Betri hununuliwa dukani, lakini hesabu za msimu uliopita haziuzwi popote. Kanuni inayofuatwa na wengi ni hii: ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa chama cha msingi, nakala ya kwanza ni ile iliyomo ndani ya kompyuta. Ya pili iwe katika diski ya nje inayofungiwa ndani ya sefu. Ya tatu iwekwe katika ofisi ya Chama Kikuu au katika hifadhi ya mtandaoni, kwa maana mwizi au moto huweza kuchukua kompyuta na diski kwa pamoja.

Flashi ni chombo cha kubebea, si ghala la kudumu. Diski nayo isiachwe imechomekwa baada ya kunakili. Mwezi Mei 2017, programu haribifu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ili yafunguliwe. Programu za aina hii hushambulia pia diski zilizounganishwa na kompyuta. Vilevile, folda ya mtandaoni inayojilinganisha na kompyuta hufuta huko kilichofutwa huku. Basi kila nakala iandikwe tarehe yake, na ya zamani isifutwe kwa haraka.

Kunakili peke yake hakutoshi. Tarehe 31 Januari 2017, mtumishi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za watengenezaji wa programu, alifuta data kwa makosa. Ilipotafutwa nakala, ilionekana kwamba njia kadhaa zilizotegemewa hazikuwa zikifanya kazi. Nakala moja iliyochukuliwa saa sita kabla ndiyo iliyookoa jahazi, na kazi ya saa hizo ikapotea. Kwa hiyo, angalau mara moja kwa mwezi, faili moja lifunguliwe kutoka katika nakala, na jumla zake zilinganishwe na daftari.

Nakala hizo zina majina na malipo ya wanachama. Kwa vyama vya Tanzania, taarifa kama hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo diski ifungwe kwa neno la siri, wala isiazimwe.

Inafaa Bodi ya kila chama iandike katika muhtasari wake nani anayenakili, siku gani, diski inakaa wapi, na nani wa pili anayelijua neno la siri. Katibu akiugua au akihamishwa katikati ya msimu, malipo ya wakulima yasisimame kwa sababu ya neno alilolijua yeye peke yake.